Mwongozo kamili: jinsi ya kupata bei ya haki ya gemu na nyongeza zake kabla hujalipa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu nyongeza za kulipia, zile ambazo wachezaji huziita DLC, yanafanana mno. Mmoja amelipia nyongeza na haioni popote ndani ya gemu. Mwingine amechukua toleo la bei kubwa na alichopata ni mavazi mawili na upanga anaouacha baada ya saa moja. Wa tatu amenunua gemu kwa bei kamili, akaongeza nyongeza, kisha akakuta vyote viwili vinauzwa pamoja kwa bei nafuu kuliko aliyolipa yeye.

Chanzo ni kimoja. Mnunuzi anaamua kipande kimoja kimoja, ilhali aliyeuza alipanga bei ya vipande vyote kwa pamoja tangu mwanzo. Hatua zilizo hapa chini zinakurudisha kwenye hesabu nzima. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia.

Msimamo wangu niuseme mapema. Gemu linalouzwa kwa dola 60 au 70 lazima liwe zima bila nyongeza yoyote. Nyongeza ni halali pale inapoongeza kitu juu ya gemu lililokamilika. Ikiwa kazi yake ni kuziba pengo lililoachwa makusudi, bei yake si ya haki hata ikiwa dola mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ukurasa wa gemu kwenye duka unalotumia, pamoja na ukurasa wa kila nyongeza yake. Usitegemee trela.
- Tovuti ya kuangalia historia ya bei. SteamDB inatosha kwa Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, na IsThereAnyDeal inalinganisha maduka mengi ya kompyuta.
- HowLongToBeat, ambako wachezaji wenyewe huandika saa walizotumia kumaliza gemu au nyongeza.
- Kiwango halisi cha benki yako au kadi yako ya mtandaoni cha kubadilisha dola. Kiwango unachokiona kwenye Google sicho utakachokatwa.
- Kasha la diski, ikiwa unacheza kwa diski.
- Karatasi na kalamu, au ukurasa mtupu kwenye simu.

Wengi hupuuza karatasi, na hapo ndipo mambo huharibika. Bei zilizoandikwa mahali pamoja ni ngumu kuzifumbia macho.

## Hatua ya 1: Andika ankara nzima

Fungua ukurasa wa gemu na uandike bei ya gemu lenyewe, bei ya kila toleo, bei ya kila nyongeza, na bei ya pasi ya msimu kama ipo, yaani malipo ya mara moja kwa nyongeza kadhaa zijazo. Halafu jumlisha. Usichague chochote bado.

Chukua mfano wa Elden Ring. Gemu lilitoka Februari 2022 kwa dola 59.99. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, ilitoka Juni 2024 kwa dola 39.99. Aliyenunua kwa vipande alilipa dola 99.98. Siku hiyohiyo ya Juni lilikuwepo toleo lenye vyote viwili kwa dola 79.99. Tofauti ni dola 20 kwa kitu kilekile. Anayestahili kulipa zaidi ni yule aliyekuwa na hamu ya kucheza tangu 2022, na hilo ni sawa kabisa. Lakini mtu aliyeamka Juni 2024 akanunua gemu peke yake kwa bei kamili, halafu wiki moja baadaye akarudi kununua nyongeza, alipoteza dola 20 kwa kutosoma ukurasa mmoja.

Sasa geuza jumla hiyo iwe fedha yako. Steam inaonyesha bei kwa dola za Marekani kwa mnunuzi aliyeko Tanzania au Kenya, na benki huweka tozo yake juu ya kubadilisha fedha. Ikiwa tozo ni 3%, kwa mfano, nyongeza ya dola 39.99 inakuwa dola 41.19 kabla haijageuzwa shilingi. Anayetumia kadi ya mtandaoni kama M-PESA GlobalPay aangalie kiwango kinachoonyeshwa pale anapothibitisha malipo. Ongeza pia gharama ya bando. Nyongeza kubwa hula makumi ya GB, na kwa wengi wetu hiyo ni fedha ya kuhesabiwa.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuwa na tarakimu moja kubwa kwa shilingi, inayojibu swali hili: nikitaka kila kitu, nitatoa kiasi gani?

## Hatua ya 2: Tenganisha nyongeza kwa aina

Nyongeza zote huitwa jina moja dukani ilhali kazi zake hazifanani hata kidogo. Weka alama mbele ya kila moja kwenye karatasi yako.

Upanuzi. Hadithi mpya, ramani mpya, maadui wapya. Phantom Liberty ya Cyberpunk 2077, iliyotoka Septemba 2023 kwa dola 29.99, ni ya aina hii.

Mapambo. Mavazi, rangi, skini. Deraya la farasi la dola 2.50 lililouzwa mwaka 2006 kwa ajili ya Oblivion ndilo linalokumbukwa kuliko yote. Mapambo hayana saa za mchezo, kwa hiyo hesabu ya Hatua ya 4 haiyahusu. Kama unayapenda, yape bajeti yake na usiyachanganye na upanuzi.

Njia ya mkato. Unalipa ili usubiri kidogo au upate nguvu haraka. Hii ichunguze kwa ukali. Mtengenezaji anayeuza dawa ya uchovu ana sababu ya kuufanya mchezo uchoshe.

Pakiti za bahati. Unalipa bila kujua utapata nini. Nimeziwekea sehemu yake mwishoni.

Onyo: maelezo ya toleo la Deluxe, yaani lile la bei kubwa, huchanganya aina zote nne katika orodha moja ndefu ili ionekane mzigo ni mkubwa. Futa mapambo na njia za mkato kwenye orodha hiyo, kisha tazama kilichobaki. Mara nyingi hubaki kitu kimoja, au hakibaki kitu.

## Hatua ya 3: Pima kama gemu lenyewe ni zima

Hapa ndipo haki inapoamuliwa, kwa hiyo usiikimbilie hesabu ya saa.

Angalia kwanza tarehe. Nyongeza inayouzwa siku ileile gemu linapotoka inahitaji maelezo. Mass Effect 3 ilitoka Machi 2012 ikiwa na nyongeza ya siku ya kwanza iliyoitwa From Ashes, kwa dola 9.99. Ndani yake alikuwamo Javik, Mprothean aliyesalia, yaani mmoja wa watu wa jamii ambayo hadithi nzima ya magemu matatu imejengwa juu ya kutoweka kwake. Si pambo hilo. Mhusika mzito wa namna hiyo kuwekewa bei pembeni ya gemu la bei kamili kuliwaudhi wachezaji, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Kisha soma maoni ya waliomaliza gemu bila nyongeza. Usitafute nyota, tafuta sentensi. Wakisema hadithi imekatika, au mwisho wa kweli umo ndani ya nyongeza, andika kwenye karatasi kwamba bei ya gemu ni bei ya gemu pamoja na nyongeza hiyo. Ukishaandika hivyo, gemu la dola 59.99 lenye mwisho wa dola 14.99 halina budi kulinganishwa na magemu ya dola 74.98.

Mwisho, tenganisha kinachouzwa na kinachotolewa bure. Siku chache kabla ya Phantom Liberty, Cyberpunk 2077 ilipata sasisho 2.0 bure kwa wenye PS5, Xbox Series na kompyuta, likabadilisha mfumo wa ujuzi, polisi na mapigano. Wapo waliolipia nyongeza wakidhani ndiyo inayoleta mabadiliko hayo. Soma orodha ya sasisho, usije ukalipia ulichokwisha kupewa.

## Hatua ya 4: Hesabu thamani, lakini usiiabudu

Gawanya bei ya upanuzi kwa saa zake za hadithi kuu, siyo saa za kukusanya kila kitu. Fanya hivyohivyo kwa gemu lenyewe, kisha linganisha.

The Witcher 3 ni kipimo kizuri. Hearts of Stone ilitoka Oktoba 2015 kwa dola 9.99, na watengenezaji wake, CD Projekt Red, walisema ina saa 10 hivi. Blood and Wine ilifuata Mei 2016 kwa dola 19.99, na walisema ina saa 20 hivi. Zote mbili zinaangukia karibu dola moja kwa saa, na bei ilitangazwa pamoja na ukubwa wa mzigo. Isitoshe, gemu lilikuwa limekwisha kutoa nyongeza ndogo 16 bila malipo. Mnunuzi alijua anapewa nini.

Sasa pima Shadow of the Erdtree. Ukichukua saa 25 kama makadirio ya hadithi yake, inatoka dola 1.60 kwa saa. Gemu lenyewe, kwa makadirio ya saa 60, ni dola moja. Kwa tarakimu peke yake nyongeza ni ghali zaidi, na bei yake ni theluthi mbili ya bei ya gemu. Je, si ya haki? Mimi naona ni ya haki kwa anayelipenda gemu, kwa sababu saa zake zimejaa: ramani imefumwa kwa uangalifu, mabosi (maadui wakubwa) ni wengi, na hakuna kazi za kutumwa kuokota majani kumi. Mtu aliyeacha gemu katikati kwa uchovu, kwake hiyo ni ghali sana.

Ndiyo maana nasema usiiabudu hesabu hii. Saa zinaweza kurefushwa kwa kazi za kurudiarudia, nayo bei kwa saa ikashuka huku mchezo ukiwa umeharibika. Tumia tarakimu kuondoa zile mbaya kabisa. Kwa zilizobaki, tazama dakika 20 za mtu akicheza nyongeza yenyewe, bila trela na bila muziki wa tangazo.

## Hatua ya 5: Hakikisha itafanya kazi kwako

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wasomaji wengi, na ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa fedha hupotea hata kama bei ilikuwa nzuri. Kuna mambo manne ya kukagua.

Eneo la akaunti na diski. Kwa wanaocheza PlayStation hili ndilo la kwanza. Tanzania na Kenya hazina duka rasmi la PlayStation, kwa hiyo watu hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au kwingineko, huku diski zao zikitoka Dubai au Ulaya. Nyongeza hulingana na eneo la diski. Diski ya Ulaya na nyongeza iliyonunuliwa kwenye duka la Marekani kwa kawaida hazitambuani.

Tazama kasha: alama ya PEGI ni ya Ulaya, ESRB ni ya Marekani. Kisha soma namba ya bidhaa kwenye kasha au diski, inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5. Itafute mtandaoni ujue ni ya eneo gani, na nunua nyongeza kwenye duka la eneo hilo tu. Ikiwa akaunti yako si ya huko, simama hapo. Usinunue kwa kujaribu bahati.

Konsoli. Phantom Liberty haikutoka kwa PS4 wala Xbox One, ingawa gemu lenyewe lipo huko. Jina la gemu kufanana halimaanishi nyongeza imefika kwenye mashine yako.

Umefika wapi ndani ya gemu. Kuingia Shadow of the Erdtree sharti uwe umewaua mabosi wawili, Radahn na Mohg. Mohg ni bosi wa mbali, aliyefichika, na anaweza kurukwa kabisa na mtu aliyemaliza gemu. Wapo waliolipa usiku nyongeza hiyo ilipotoka wakakuta mlango umefungwa. Phantom Liberty nayo hufunguka baada ya kupita sehemu fulani ya hadithi kuu, ila inakuruhusu pia kuanza moja kwa moja na mhusika aliyeandaliwa. Hearts of Stone na Blood and Wine zina njia kama hiyo. Tafuta sharti la kuingia kabla ya kulipa, na uhakikishe sevu yako, yaani rekodi ya mahali ulipofika, bado ipo.

Diski ya mtumba. Kasha linaweza kuandikwa kwamba lina nyongeza, lakini nyongeza hiyo ikawa namba kwenye kikaratasi. Namba hutumika mara moja. Ukinunua Kariakoo au Moi Avenue diski iliyokwisha kufunguliwa, hesabu kwamba namba imetumika, na bei ishuke kulingana na hilo. Vinginevyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika mstari mmoja wenye eneo, konsoli na mahali ulipofika, na yote matatu yakalingana na ukurasa wa nyongeza.

## Hatua ya 6: Pasi ya msimu inunuliwe mwisho, siyo mwanzo

Pasi ya msimu ni ahadi. Unalipa leo kwa vitu ambavyo vingine havijatengenezwa.

Mwishoni mwa 2024 Steam iliwawekea wauzaji masharti: waorodheshe kilichomo kwenye pasi na wakati kinapotarajiwa kutoka, na nyongeza ikifutwa, mnunuzi atapewa njia ya kurudishiwa thamani yake. Tumia orodha hiyo. Kama ukurasa unasema tu kwamba kuna maudhui ya kusisimua yanayokuja, bila majina wala majira, usilipe.

Kwa duka lolote lile, subiri nyongeza ya kwanza itoke na isomwe. Utakosa punguzo dogo la mapema. Utapata kujua unanunua nini.

Ogopa zaidi pasi za magemu yanayoishi mtandaoni tu. Destiny 2 iliondoa maudhui ambayo watu walikuwa wamelipia: Novemba 2020 hadithi ya Red War na nyongeza mbili za mwanzo, kisha hadithi ya Forsaken Februari 2022. The Crew ilizimwa kabisa mwisho wa Machi 2024, na aliyekuwa na diski hakubaki na kitu cha kucheza. Nyongeza ya gemu la namna hiyo ihesabu kama kodi ya muda. Uliza kama bei inastahili miaka miwili ya kucheza, siyo umiliki wa kudumu.

## Hatua ya 7: Soma historia ya bei, kisha uchague siku

Ingia SteamDB, tafuta gemu, tazama mchoro wa bei. Unatafuta mambo mawili: bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa, na muda unaopita kati ya punguzo moja na jingine. Steam huwa na mauzo makubwa ya punguzo mwishoni mwa Juni na mengine mwishoni mwa Desemba. Ukiona gemu hushuka kila msimu, bei kamili ya Mei ni bei ya asiyeweza kusubiri wiki sita.

Angalia pia kama toleo kamili limetoka au linakaribia. The Witcher 3 ilipata toleo lenye kila kitu Agosti 2016, miezi mitatu tu baada ya Blood and Wine. Cyberpunk 2077 ilipata la kwake Desemba 2023, miezi mitatu baada ya Phantom Liberty. Kama hujanunua gemu na upanuzi wa mwisho umeshatangazwa, sababu ya kuharakisha ni ndogo sana.

Msomaji aliye Ulaya ana msaada wa ziada: sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Isome hiyo, siyo asilimia yenye rangi nyekundu.

## Hatua ya 8: Lipa huku mlango wa kurudishiwa ukiwa wazi

Steam hurudisha fedha ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa mbili. Kwa nyongeza, saa mbili hizo huhesabiwa kwenye gemu lenyewe tangu uliponunua nyongeza. Kwa hiyo usinunue nyongeza halafu ukaendelea na kazi zako za kawaida ndani ya gemu. Nenda moja kwa moja kwenye nyongeza, uone kama inafunguka na kama inakwenda vizuri kwenye mashine yako.

PlayStation nayo ina siku 14, lakini kwa sharti kwamba hujaanza kupakua. Zima upakuaji wa kujiendesha kwenye konsoli kabla ya kununua kwa simu. Duka la Nintendo huhesabu mauzo kuwa ya mwisho, hivyo kwa Switch hakikisha Hatua ya 5 mara mbili. GOG, duka jingine la magemu ya kompyuta, ni mpole kuliko wote: siku 30, na faili ya kusakinisha unaweza kuihifadhi mwenyewe.

Usinunue namba za bei ya kutupa kwenye masoko yasiyojulikana. Nyingine zimefungiwa eneo, nyingine hufutwa baadaye, na hakuna duka litakalokusikiliza.

## Sehemu ya peke yake: pakiti za bahati

Hapa nazungumza hasa na wanaocheza gemu la soka la kampuni ya EA, kwa sababu ndilo gemu la bei kamili linalochezwa sana kwetu, na Ultimate Team, sehemu yake ambako unajenga kikosi kwa kadi za wachezaji, ndiko fedha inakovuja.

Kwanza, futa sarafu za gemu kichwani. Andika bei ya pakiti kwa shilingi. Sarafu huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za pakiti ili zibaki chache, nawe uongeze nyingine.

Pili, soma uwezekano. Tangu FIFA 19 (FIFA ndilo jina la zamani la gemu hilo), EA huonyesha asilimia za kupata kadi za kiwango fulani katika kila pakiti. Ikiwa kadi unayoitaka ipo kwenye kundi la 2%, pakiti 50 hazikuhakikishii. Uwezekano wa kutoipata hata mara moja katika pakiti 50 ni karibu 36%. Zidisha bei ya pakiti kwa 50 kisha usome tena sentensi iliyotangulia.

Tatu, kumbuka kadi hazihamii gemu la mwaka unaofuata. Kikosi chako chote kinabaki kwenye gemu la zamani.

Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za aina hii katika FIFA 18 na magemu mengine zinavunja sheria ya kamari, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza FIFA Points, sarafu za kununulia pakiti, huko. Kabla ya hapo, mwaka 2017, hasira za wachezaji ziliilazimisha kampuni hiyo kuzima ununuzi ndani ya Star Wars Battlefront II usiku wa kuamkia siku ya kutoka. Kelele za wanunuzi zina nguvu. Lakini leo, kwenye akaunti yako, kinga iliyopo ni hii: ondoa kadi ya benki kwenye konsoli, weka neno la siri la ununuzi, na kama mtoto anacheza, weka kikomo cha matumizi kuwa sifuri kwenye akaunti yake.

Bajeti ninayoipendekeza kwa pakiti ni hiyohiyo sifuri. Kama lazima utoe fedha, itoe kwenye upanuzi uliopita hatua zote nane.